Kutu: Hula Nini na Huacha Nini



Leo twataka kuzungumza nanyi habari za adui mmoja aliye katika kila nyumba. Adui huyu hana sauti. Hangurumi kama simba, wala havumi kama Mwera uchafuapo ziwa. Hula polepole, usiku na mchana: jembe lililosahauliwa shambani, bati la paa, bawaba ya mlango, msumari wa mashua. Siku mwenye mali anapotanabahi, mali yake imekwisha geuka unga mwekundu. Jina lake ni kutu.

Wanafunzi hutuuliza mara nyingi swali hili: “Je, madini safi, yasiyotiwa kitu kingine, ndiyo yanayodumu, au madini yaliyochanganywa?” Wako wasemao kwamba kilicho safi ndicho bora, maana hakina kasoro ndani yake. Na wako wasemao kwamba mchanganyo ndio bora, maana fundi hakuuchanganya bure. Kila upande umeshika nusu ya kweli. Kuchanganya madini huongeza ugumu na nguvu, hilo ni hakika. Lakini nguvu ni jambo moja, na kustahimili maji na hewa ni jambo jingine. Mtu aweza kuwa na misuli kama nyati, akaangushwa na homa. Basi yatupasa kutazama kwa makini ni nini hasa kinachoyalinda madini.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Madini safi ni yale yasiyo na mwenzake ndani: shaba nyekundu peke yake, zinki peke yake, dhahabu peke yake. Yakiyeyushwa madini mawili au zaidi, yakamiminwa pamoja hata yakawa kitu kimoja, huo ndio mchanganyo, ambao wataalamu huuita aloi. Shaba nyekundu ikitiwa zinki huwa shaba ya manjano. Ikitiwa bati huwa bronzi, ambayo watu wa kale walifanyia silaha na kengele. Chuma kikitiwa kaboni kidogo, yaani kile kitu kilicho ndani ya makaa, hata isifike sehemu mbili katika mia, huwa chuma cha pua, ndicho kifanyiwacho panga na jembe.

Historia ya nchi yetu ina mfano mzuri. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipungukiwa na fedha za kulipia watu, wakapiga sarafu kule Tabora. Sarafu ya heller 20 ilipigwa nyingine kwa shaba nyekundu, nyingine kwa shaba ya manjano, kwa kadiri ya kilichopatikana. Wakapiga pia sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo. Dhahabu hiyo haikuwa safi: katika sehemu 1,000, sehemu 750 tu zilikuwa dhahabu. Hali kadhalika shilingi ya Afrika ya Mashariki iliyopigwa kuanzia mwaka 1921 ilikuwa na robo tu ya fedha ndani yake. Dhahabu safi na fedha safi ni laini mno, tena ni ghali. Zikipita katika mikono mingi huchakaa upesi. Kwa hiyo hutiwa madini mengine zipate ugumu.

Sasa tuulize: kutu hutoka wapi? Ili kujibu, hatuna budi kurudi mahali chuma kilipozaliwa. Upande wa kaskazini yetu, katika wilaya ya Ludewa, uko mlima wa Liganga wenye mawe meusi mazito ya chuma. Wapangwa wa milima ile walijulikana zamani kwa kazi ya kuyeyusha na kufua chuma. Watu wa kale walijenga tanuri la udongo, wakapanga mawe ya chuma na makaa ya miti, wakavukuta. Ndani ya jiwe lile chuma kimefungamana na hewa ya oksijeni, ile ile tunayoivuta puani. Moto wa makaa huinyakua oksijeni, na chuma hubaki peke yake. Basi mfahamu kwamba chuma katika hali ya uchuma si mwenyeji. Kimetolewa kwao kwa nguvu ya moto. Kikipata maji na hewa pamoja, hushika tena oksijeni na kurudi katika hali ya jiwe na udongo. Kutu ndiyo safari hiyo ya kurudi.

Madini hayana hamu moja ya kurudi. Dhahabu haina hamu hata kidogo, ndiyo maana huokotwa mtoni na machimboni ikiwa dhahabu, haihitaji kutolewa katika kifungo cha oksijeni. Fedha na shaba hurudi kwa uzito. Chuma hurudi upesi. Zinki na alumini zina hamu kubwa kupita chuma chenyewe. Hapo msikilizaji mwenye akili atatukatiza: “Mbona sufuria ya alumini hukaa miaka mingi, na jembe la chuma huharibika kwa masika moja?”

Jibu ni ngozi. Alumini ikiguswa na hewa, mara hiyo hiyo juu yake hufanyika utando mwembamba, mgumu, usiopenya hewa wala maji. Utando huo ni kutu ya alumini, lakini ni kutu ya kufaa: imekamatana na madini yaliyo chini yake na kuyafunika. Ukikwaruza, hufanyika upya. Zinki nayo hufanya ngozi ya kijivu, na shaba hufanya ngozi ya kahawia, kisha ya kijani kibichi. Bali kutu ya chuma ni ngozi isiyofaa. Huvimba, hupasuka, hubanduka, na chini yake chuma kipya hubaki wazi kuliwa tena. Basi haba na haba mpaka kitu chote kiishe.

Walimu na wanafunzi waweza kuona mambo haya kwa macho yao, wala gharama si kubwa. Twaeni chupa tano na misumari mitano ya chuma iliyosuguliwa ikang’aa. Katika chupa ya kwanza tieni msumari mkavu, mzibe vizuri. Katika ya pili tieni msumari na maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha mmimine mafuta ya kula juu yake, hewa isiingie. Katika ya tatu tieni msumari na maji ya kawaida, chupa iwe wazi. Katika ya nne, msumari na maji ya chumvi. Katika ya tano, maji ya chumvi pia, lakini msumari uzungushieni waya wa shaba nyekundu, ushike barabara. Kama mna chupa ya sita, tieni maji ya chumvi na msumari wa kuezekea uliopakwa zinki, mkiisha kuukwaruza mahali pamoja kwa tupa. Ngojeni juma moja, mkiandika kila siku mnachokiona.

Mtaona kwamba katika chupa mbili za kwanza hapana kutu, au ni kidogo mno, kwa sababu hewa na maji havikukutana. Katika ya tatu kutu ipo, na katika ya nne ipo zaidi. Katika ya tano msumari uliovikwa shaba huliwa kuliko yote, na shaba yenyewe husalimika. Lakini ule wa zinki, hata pale palipokwaruzwa, chuma chake hukawia kushika kutu.

Kwa nini? Hapa twafikia jambo la pili baada ya ngozi, nalo ni jirani. Madini mawili yasiyo sawa yakigusana ndani ya maji, umeme mdogo hupita kati yao, kama upitavyo katika betri ya tochi. Lile lenye hamu kubwa ya kurudi udongoni huliwa, na lile lenye hamu ndogo hupona. Chuma kikikaa na shaba, chuma huliwa. Chuma kikikaa na zinki, zinki huliwa na chuma hupona. Chumvi huyafanya maji kupitisha umeme vyema, kwa hiyo hufanya mambo kwenda mbio.

Manowari za Uingereza zilijifunza jambo hili kwa hasara. Mwaka 1761 meli iitwayo Alarm ilifunikwa tumbo lake la mbao kwa mabamba membamba ya shaba, wadudu wa baharini wasitoboe. Shaba ilikuwa nzima, nayo ilifukuza wadudu. Lakini ilipokaguliwa baada ya miaka kama miwili, mabamba mengine yalikuwa yameachia, maana misumari ya chuma iliyoyashika ilikuwa imeliwa. Mahali pachache misumari ilikuwa mizima. Wakaguzi walipotazama wakaona kwamba hapo karatasi ya kufungia mabamba ilisahauliwa katikati, ikazuia chuma kisiguse shaba. Kipande cha karatasi kiliokoa msumari! Mwaka 1824 mtaalamu Humphry Davy akaonyesha njia nyingine: kubandika kipande cha zinki au chuma makusudi, kiliwe badala ya kitu cha thamani.

Sasa twaweza kulirudia swali la wanafunzi. Ikiwa jirani mbaya aweza kukiharibu chuma kwa nje, itakuwaje jirani huyo akikaa ndani? Hivyo ndivyo ilivyo katika michanganyo mingi. Ukiutazama kwa darubini, mara nyingi utaona mchanganyo si kitu kimoja sawasawa, bali ni punje za namna mbalimbali zilizobanana, kama ugali uliokorogwa vibaya. Punje moja huwa jirani mbaya wa nyingine. Mwaka 1830 mtaalamu wa Geneva, Auguste de la Rive, alionyesha kwamba zinki safi sana ikitiwa katika maji ya asidi huyeyuka polepole, bali zinki yenye taka za madini mengine huyeyuka upesi. Basi wasemao kwamba kilicho safi hudumu wana haki yao hapo.

Ushahidi mwingine watoka katika eropleni. Alumini safi ni laini, haifai kuwa mbavu za chombo kirukacho. Mjerumani Alfred Wilm, mapema katika karne ya 20, aligundua kwamba alumini ikitiwa shaba kama sehemu nne katika mia, pamoja na vitu vingine vidogo, hupata nguvu nyingi. Lakini mchanganyo huo wenye nguvu huliwa upesi kuliko alumini safi, kwa sababu ya ile shaba iliyo ndani. Mafundi wakafanya nini? Waliuvika mchanganyo ule ngozi nyembamba ya alumini safi pande zote mbili. Hapo kila moja hufanya kazi yake: wa ndani hubeba, wa nje hulinda.

Shaba ya manjano nayo ina ugonjwa wake. Ikiwa zinki ni nyingi ndani yake, maji ya namna fulani huichomoa zinki na kuiacha shaba peke yake, nyekundu, yenye vitundu kama sifongo. Koki ya bomba yaweza kuonekana nzima kwa umbo, kumbe haina nguvu, na siku moja huvunjika mkononi. Dawa yake ilipatikana: kutia bati kidogo, hata sehemu moja tu katika mia, hupunguza ugonjwa huo. Angalieni basi ajabu hii: kuchanganya kulileta maradhi, na kuchanganya tena kukaleta dawa.

Na huu ndio upande wa pili wa kweli. Mwaka 1913, katika mji wa Sheffield huko Uingereza, Harry Brearley alitengeneza chuma chenye sehemu 12.8 za kromiamu katika mia. Kromiamu ina hamu kubwa ya kushika oksijeni, kama alumini, na ngozi yake ni nzuri kama ya alumini. Ikichanganywa katika chuma na kupita sehemu kumi na nusu katika mia, huweza kukifunika chuma chote kwa ngozi yake. Ngozi hiyo ni nyembamba ajabu: ngozi milioni moja zikipangwa moja juu ya nyingine, unene wake ungekuwa milimita chache tu. Ikikwaruzwa hujiponya yenyewe, maadamu kuna hewa. Hiki ndicho chuma cha vijiko na visu ambacho madukani huitwa stenlesi. Geuzeni kijiko chenu. Huenda mtaona alama 18/8 au 18/10. Maana yake ni sehemu kama 18 za kromiamu katika mia, na sehemu 8 au 10 za nikeli. Hata hivyo chuma hiki nacho si mfalme wa mahali pote: chumvi nyingi ikituama juu yake huweza kukitoboa vitundu vidogo.

Tena uchafu kidogo waweza kuwa baraka. Katika mji wa Delhi, huko Uhindi, iko nguzo ya chuma yenye urefu wa mita kama 7, iliyosimama kwa zaidi ya miaka 1,600, wala haikuliwa ikaisha. Chuma chake kiliyeyushwa kwa makaa ya miti, kikabakiwa na fosforasi kidogo. Fosforasi hiyo imesaidia kufanya ngozi ngumu juu ya nguzo, na ukavu wa hewa ya kule umesaidia pia.

Basi jibu letu ni hili. Usafi peke yake hauokoi, maana chuma safi hushika kutu. Kuchanganya peke yake hakuokoi, maana chuma cha pua cha kawaida, kilicho mchanganyo, hushika kutu vile vile. Kinachookoa ni ngozi njema na jirani mwema. Mchanganyo ukileta ngozi njema, hudumu kuliko madini safi. Ukileta jirani mbaya, huharibika kabla yake.

Maarifa haya yana faida gani kwetu? Tuanze na paa. Jina la bati limewapoteza wengi. Bati lenyewe ni madini meupe laini, lakini bati la kuezekea halina ngozi ya bati. Ni chuma kilichopakwa zinki. Kopo la samaki au la maziwa ndilo chuma kilichopakwa bati kweli. Tofauti yake ni kubwa. Zinki ni jirani mwema wa chuma: bati la paa likikwaruzwa, zinki huliwa kwanza na kukinga jeraha. Bati halisi ni mlinzi madhali ngozi ni nzima. Kopo likikwaruzwa, chuma ndicho kiliwacho, tena upesi. Ndiyo sababu kopo lililotupwa huoza kwa muda mfupi, na paa hukaa miaka.

Mabati mengi ya siku hizi yana ngozi ya mchanganyo: alumini sehemu 55 katika mia, zinki 43.4 na silikoni 1.6. Alumini hutoa ngozi ngumu, na zinki hukinga majeraha. Mchanganyo huo hudumu zaidi kuliko zinki peke yake, lakini hautaki kuguswa na shaba wala risasi, wala saruji mbichi. Tumieni misumari iliyopakwa zinki yenye washa za mpira. Mkikata bati, fagieni vumbi la chuma lililobaki juu ya paa, maana kila chembe itashika kutu na kuanzisha doa. Na mkinunua mabati kabla ya mvua za Novemba, msiyalaze yamebanana mahali penye unyevu. Zinki yahitaji hewa ili kufanya ngozi yake. Maji yakinaswa katikati ya mabati, hutokea unga mweupe ulao zinki, na paa huzeeka kabla ya kupanda juu ya nyumba.

Twende sasa kwenye kahawa, ambayo imelimwa Umatengo tangu miaka ya 1920. Katika mashine ya mkono ya kumenyea kahawa, ya mtindo wa zamani, lile gogo la mviringo lizungukalo ndani, liitwalo ngoma, limevikwa bamba la shaba lenye vinundu. Kwa nini shaba nyekundu na si chuma? Kwanza ni laini, hukubali kupigwa vinundu bila kupasuka, na vinundu havikati punje. Pili, utomvu wa kahawa ni mchachu, nao hula chuma upesi. Shaba huuvumilia zaidi. Lakini shaba nayo, ikiachwa na uchachu na hewa usiku kucha, hufanya ukoga wa kijani, na ukoga huo ni sumu. Basi osheni mashine kwa maji safi kila mkimaliza kumenya, mkaikaushe. Na bamba likilegea, msilipigilie msumari wa chuma. Mmekwisha sikia habari za meli Alarm. Tumieni msumari wa shaba. Mtu asiyejua atapigilia wa chuma kwa kuwa ni rahisi, na kabla ya misimu mingi bamba litacheza, na punje zitavunjika. Punje zilizovunjika hushusha daraja la kahawa, na daraja likishuka bei hushuka nayo.

Jembe lenu la kuchimbia ngoro ni chuma cha pua, halina kromiamu wala zinki. Mlinzi wake ni mkono wa mwenyewe: lifuteni udongo, likaukeni, lipakeni mafuta kidogo, likae mahali pakavu.

Ninyi wa pwani ya ziwa mna bahati yenu. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu kama 35. Lita moja ya maji ya Ziwa Nyasa haifikishi hata gramu moja. Kwa hiyo chuma ziwani huliwa polepole kuliko Dar es Salaam au Mtwara. Shahidi wake ni meli Chauncy Maples, iliyopewa jina la askofu aliyezama katika ziwa hili mwaka 1895. Iliundwa Glasgow mwaka 1899, ikaletwa katika vipande zaidi ya 3,400, ikaunganishwa na kushushwa majini mwaka 1901. Zaidi ya miaka 100 baadaye ubavu wake wa chuma ulikuwa ungali upo.

Hata hivyo bahati si kinga. Chombo huliwa hasa pale maji na hewa vipokezanapo, kwenye mstari wa maji, na pale rangi ilipobanduka. Waundaji wa mashua, msichanganye misumari ya chuma na ya shaba katika mbao zilizo chini ya maji. Hamtaona kitu kwa nje. Mbao zitaonekana zimekaa vizuri, na siku ya Mwera ndipo zitakapoachia, na watu wamo ndani. Na wenye injini za mashua, tazameni kile kipande cha madini kilichofungwa karibu na rafadha. Hicho ni sadaka, kimewekwa kiliwe badala ya injini. Msikipake rangi kamwe, na kikibaki nusu kibadilisheni. Katika maji yasiyo na chumvi, kipande cha magnesi hufanya kazi hiyo vizuri kuliko cha zinki.

Mwisho tuseme juu ya chakula, maana hapa si mali tu, bali ni uhai. Akina mama, ndoo iliyopakwa zinki ni njema kwa kuchotea maji, lakini msiweke ndani yake togwa, ulanzi, maji ya ndimu wala kitu chochote kichachu. Uchachu huyeyusha ngozi ya zinki, na mnywaji hushikwa na tumbo na kutapika. Sufuria ya shaba isiyotiwa bati ndani haifai kwa chakula kichachu. Sufuria ya alumini yafaa kupikia, lakini msilaze humo chakula chenye ndimu, nyanya au chumvi nyingi. Na zile sufuria zilizosubiwa kwa mabaki ya injini na vyuma chakavu, zinunueni kwa hadhari: katika nchi kadhaa za Afrika zilipopimwa, nyingine zilionekana kutoa risasi katika chakula, na risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Huo ni mchanganyo ambao hata aliyeusubu hajui kilichomo.

Basi, wasikilizaji wetu, mnapokwenda dukani, kiwandani au sokoni, ulizeni maswali manne. Hiki ni madini gani, safi au mchanganyo? Ngozi yake ni ipi? Jirani yake atakuwa nani? Na kitakutana na nini: maji, chumvi, au uchachu? Mwuzaji aweza kukisifu kitu kwa uzito wake na mng’ao wake, lakini hayo si majibu ya maswali hayo manne.

Nanyi wanafunzi, msisahau chupa zenu. Andikeni tarehe juu ya kila chupa, na juma likiisha waiteni wazazi waje watazame. Kwaherini.